Ugumu wa Swali: Chemsha Bongo za Runinga Zikitazamwa kutoka Garissa

Miongoni mwa tungo ambazo wahakiki wa lugha zetu huzipita bila kuzitupia jicho ni swali la chemsha bongo. Tumekwisha kuandika mengi juu ya utenzi, tamthilia, riwaya na ngano. Hata maandishi ya kwenye kanga yamepata watu wa kuyapima. Lakini swali linaloulizwa mbele ya kamera, likajibiwa kwa sekunde chache, na aliyelijibu akaondoka ama na fedha ama na fedheha, huachiwa watazamaji walijadili wenyewe sebuleni. Nao hulijadili kweli kweli. Ni tungo chache za siku hizi zinazomfanya msikilizaji anyanyuke kitini na kumgombeza mtunzi asiyemwona.

Malalamiko ya watazamaji ni ya namna mbili. Wako wasemao kwamba maswali ni magumu kupita kiasi, na kwamba mtunga maswali anakusudia kuwaaibisha watu na kuilinda fedha ya tajiri wake. Wako wasemao kinyume cha hayo, kwamba maswali ni mepesi mno, na kwamba watu wanagawiwa fedha kwa kujua jambo alijualo mtoto wa chekechea. Malalamiko haya yanapingana, lakini msingi wake ni mmoja: kwamba ugumu ni kitu cha kupimwa kwa mizani, kama chumvi, na kwamba kazi ya mtunga swali ni kuongeza au kupunguza. Makala haya yanakusudia kuupinga msingi huo. Tunadai kwamba swali halina ugumu wa peke yake. Ugumu ni umbali uliopo baina ya maisha ya aulizaye na maisha ya aulizwaye. Jambo hili halionekani sana kwa mtu aliyeko Nairobi, ambako mtunga swali, msomaji wake na mjibu wake aghalabu hukaa mji mmoja. Huonekana waziwazi zaidi likitazamwa kutoka Garissa, na kutoka Wajir na Mandera, yaani kaunti tatu ambazo mpaka mwaka 2013 zilikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki.

Tuanze na kitendawili, kwa kuwa ndicho chemsha bongo yetu ya asili. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Hadhira hujibu, “Tega!” Naye hutega: “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu ni yai. Hapa hapana ujuzi uliofichwa. Wote waliokaa pale wanalijua yai. Wamekwisha kulishika na kulivunja. Kilichofichwa ni njia ya kulifikia, na njia hiyo imefichwa kwa maneno matupu: nyumba, na mlango usiokuwapo. Aliyeshindwa hakushindwa kwa sababu ya ujinga, ila ameshindwa kuligeuza neno. Ndiyo maana akiambiwa jibu hucheka, wala hakasiriki. (Tukiri lakini kwamba hata yai lina mipaka yake. Kuku si mnyama wa mfugaji ahamaye na ngamia, na mtoto wa malishoni huenda akalifikiria yai la mbuni kwanza. Jibu ni lile lile, ila nyumba yake ni kubwa zaidi.)

Tazama pia sheria ya mchezo huo. Wakishindwa wote, mtegaji husema, “Nipeni mji,” nao humpa mji wautakao, Lamu au Mombasa au Garissa yenyewe, naye akiisha kuupokea hulazimika kutoa jibu. Kulazimika huko ndiko kiini cha mchezo. Mtegaji akitoa jibu lisiloafikiana na kitendawili, hadhira humkatalia na kumnyang'anya mji wake. Kwa hiyo ugumu wa kitendawili una dhamana: aliyeuweka ndiye anayewajibika kuuhalalisha mbele ya watu. Wasomali nao wanayo halxiraale, fumbo litegwalo baina ya watoto kwa mchezo na baina ya watu wazima kwa ushairi, na ndani yake mna maafikiano yale yale: jibu lazima liwe kitu ambacho mjibu angeweza kukifikia kwa akili yake na kwa maisha yake.

Swali la runinga limeivunja sharti hiyo. Mtu akiulizwa mlima fulani una urefu wa mita ngapi, au ni nani aliyeimba wimbo fulani mwaka fulani, hapana akili wala tafakari iwezayo kumfikisha. Ama habari hiyo ilikwisha kumfikia nyumbani, ama haikumfikia. Kuna, basi, ugumu wa jambo lililofichwa, na kuna ugumu wa jambo lisilofika. Wa kwanza ni kazi ya mtunzi. Wa pili ni kazi ya barabara, ya magazeti, ya umeme, ya maktaba na ya mwalimu aliyekuwapo au asiyekuwapo darasani. Mtunga maswali anayejisifu kwa ugumu wa pili anajisifu kwa kazi isiyokuwa yake.

Wenye vipindi hivi wanalijua hilo siku nyingi, na ushahidi uko Marekani. Katika kipindi kilichoitwa Twenty-One, mwaka 1956, mshindani Herbert Stempel aliamriwa na watayarishaji ashindwe ili nafasi yake ichukuliwe na Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu mwenye sura ya kupendeza, naye Van Doren alikuwa akipewa majibu kabla. Mwaka 1959 Van Doren alikiri hayo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Kinachotuhusu sisi si udanganyifu wenyewe. Ni kwamba moja ya maswali aliyoamriwa Stempel kuyakosa liliihusu filamu ya Marty, iliyoshinda tuzo kuu ya filamu za mwaka 1955, filamu ambayo yeye aliijua vyema na kuipenda. Swali lililokuwa jepesi kuliko yote kwake ndilo lililomwangusha. Watayarishaji walifahamu kwamba ugumu wa runinga ni tamthilia: mtazamaji huuona usoni mwa mjibu, katika jasho na katika kusitasita, wala hausomi katika swali.

Hapa kwetu Afrika kipindi kilichotukuka zaidi cha namna hii kilikuwa yale mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, na baadaye yakaitwa Zain Africa Challenge, John Sibi-Okumu akiwa muulizaji. Kilikuwa kipindi cha heshima, na Sibi-Okumu alikuwa na sauti ya mtu anayeyapenda maswali yake. Lakini lugha yake ilikuwa Kiingereza, na washindani wake waliletwa na vyuo vikuu, nasi tukumbuke kwamba Kaskazini Mashariki haikuwa na chuo kikuu cha umma hata kimoja mpaka mwaka 2011, Chuo cha Ualimu cha Garissa kilipofanywa chuo kikuu kishiriki cha Moi. Kijana wa Garissa aliyekuwa na bongo la kuchemshwa hakuwa na timu yenye jina la kwao ya kukalia kiti.

Tuyaache hayo, tuingie katika Kiswahili, maana humo ndimo jambo hili limo kwa utajiri wake wote. Chemsha bongo za Kiswahili, ziwe za runinga, za redio au za ukumbi wa shule, zimerithi maswali yao kutoka mtihani wa darasa la nane, uliofanywa tangu mwaka 1985 mpaka 2023. Mtihani umekufa, lakini maswali yake yangali hai. Msomaji anayajua: kikembe cha mnyama huyu huitwaje, tarakimu hii ya akisami husomwaje, tofautisha maana ya vitate hivi, kamilisha methali. Maswali haya hulaumiwa sana kwamba ni magumu bila faida, kwa kuwa hutafuta maneno ambayo hapana mtu ayasemaye sokoni. Lawama hiyo tunaikubali nusu. Nusu ya pili ndiyo tunayotaka kuichunguza, kwa sababu maneno hayo hayako mbali na watu wote kwa umbali ulio sawa.

Chukua akisami. Mtoto huulizwa moja juu ya sita, moja juu ya nane, moja juu ya kumi, naye hutakiwa ajibu sudusi, thumni, ushuri. Kwa mtoto wa Nyeri au wa Kisii haya ni majina ya kukaririwa kama majina ya majini. Lakini mtoto wa Garissa aliyekwenda chuoni kwa maalimu amekwisha kuyasikia kabla ya kuyasoma katika kitabu cha Kiswahili. Mafungu ya mirathi katika Qurani ni sita: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Kwake yeye thumni ni fungu la mjane ambaye mumewe ameacha watoto. Ushuri ni zaka ya mazao yaliyomea kwa mvua. Tusui, moja juu ya tisa, hana mahali pa kuitundika, nayo humtatiza kama inavyomtatiza mwenzake wa Nyeri. Basi swali la akisami lina ugumu gani? Mtunga swali aliyeketi Nairobi amelipa cheo cha swali gumu, akiwa amelipima kwa kichwa chake.

Au chukua vikembe. Tunaulizwa mtoto wa simba, nasi tunajibu shibli. Wa chui, kisui. Wa sungura, kitungule. Wa nyoka, kinyemere. Kisha huja swali ambalo walimu wa bara hulihesabu miongoni mwa magumu ya kukata tamaa: mtoto wa ngamia. Jibu lililomo vitabuni ni nirigi. Kwa Kisomali mtoto huyo ni nirig. Mfanano huo unatufanya tudhani kwamba neno hili la vitabuni limetoka kinywani mwa wafugaji wa Kisomali. Mtoto wa Wajir anapoulizwa swali hili anaulizwa neno la mamake. Na tumeona kwamba huweza kusita, kwa sababu amefundishwa kwamba Kiswahili sanifu ni kitu kitokacho mbali, na hakutarajia kulikuta zizi la nyumbani kwao ndani ya jibu. Halikumkuta kwa sababu hapana aliyemwambia. Vitabu vya orodha za vikembe vina desturi ya kutoa neno bila kueleza lilikotoka.

Na kwa mfugaji, swali linaloishia kwenye nirigi ni swali la juu juu. Yeye anamtenga hal, ngamia jike mzima, na qaalin, jike kijana asiyezaa bado. Anamjua awr, dume la kubebea mizigo. Anaijua koor, kengele ya mti avikwayo ngamia shingoni, ambayo kwa mlio wake mwenye kundi hutambua gizani kama wanyama wake wametulia ama wanakwenda. Huo ni ujuzi mpana wenye istilahi zake. Mtu akiutungia maswali, wajibu wa Nairobi wote wangetoka jukwaani katika raundi ya kwanza, na magazeti yangeandika kwamba maswali yalikuwa magumu mno.

Vitate ni shauri jingine, na hapa mambo yanamgeukia mtoto wa Kaskazini Mashariki. Kisomali hakina sauti p, wala v, wala z. Msemaji wake ajifunzapo Kiswahili huelekea kuzitamka b, f na s mahali pake. Sasa mwulize kwa sauti, mbele ya kamera na kengele, atofautishe fua na vua, pata na bata, saa na zaa. Maana anazijua zote. Anajua kwamba nguo hufuliwa na samaki huvuliwa, maana Tana inapita ubavuni mwa mji wake. Ila jibu lake likitoka kinywani, mwamuzi asikiapo fua mara mbili humwandikia sufuri. Swali hili lilidhaniwa kuwa la msamiati, kumbe limekuwa la ulimi. Katika karatasi lingekuwa jepesi, katika runinga limekuwa gumu, bila hata herufi moja ya swali kubadilishwa. Waamuzi wa mashindano ya mdomo wasomeshwe fonolojia ya lugha jirani kabla ya kukabidhiwa kengele. Hatudai huruma kwa mtoto huyu, tunadai masikio.

Iko hoja ya wanaotupinga, nayo si dhaifu. Watasema kwamba taifa lazima liwe na mambo yanayojulikana na raia wote, na kwamba chemsha bongo ya taifa ina haki ya kuyauliza, awe mjibu ametoka Ijara au Kisumu. Tunakubali. Mtoto wa Mandera na amjue Mekatilili wa Menza, na ajue Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498. Lakini njia hiyo ipitwe pande zote mbili. Ni washindani wangapi huulizwa habari za hirola, swala aliyebaki wachache mno duniani, ambaye makao yake ya asili ni huko kati ya Garissa na mpaka wa Somalia? Wangapi huulizwa juu ya tume iliyotumwa mwaka 1962 kuwauliza watu wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka kuwa wa nchi gani? Wengi wao walijibu kwamba wanataka kuungana na Somalia, jibu lao likawekwa kando, na vita vya miaka ya 1963 hadi 1967 vikafuata. Msomaji angojee kidogo kabla ya kusema kwamba hayo ni ya siasa, si ya mchezo. Pale watu waliulizwa swali, wakatoa jibu, na jibu lao likahesabiwa kosa.

Kwa maana katika sehemu hizi swali halikuwa mchezo tangu hapo. Waingereza wanacho kipindi kiitwacho Mastermind, kilichoanza mwaka 1972 katika BBC, ambamo mjibu huketi peke yake katika kiti cheusi, taa imemwangaza, giza limemzunguka. Mbuni wake, Bill Wright, alikuwa mwanahewa aliyetekwa na Wajerumani katika Vita Vikuu vya Pili, na alisema kwamba kipindi alikitoa katika mahojiano aliyofanyiwa na Gestapo: jina, cheo, nambari. Waingereza waliweza kuigeuza kumbukumbu hiyo kuwa burudani kwa sababu vita vilikuwa vimekwisha. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wote wa nchi hii wachunguzwe. Walioitwa mbele ya mabaraza ya uchunguzi waliulizwa kabila, ukoo, mababu na chifu wao, na waliofaulu walipewa kadi ya waridi ya kuonyesha kwamba wao ni Wakenya. Desturi ya kumhoji kijana wa kaskazini kuliko wenzake anapotaka kitambulisho iliendelea kwa miaka mingi, mpaka Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba imeondolewa. Huko nako kulikuwa na maswali mepesi na maswali magumu, na mshindwa hakupoteza fedha.

Ndiyo maana tunaiona filamu ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, iliyotokana na riwaya ya Vikas Swarup iitwayo Q & A (2005), kuwa ni hakiki bora ya chemsha bongo kuliko insha nyingi. Kijana maskini anajibu sawasawa, na kwa sababu hiyo anakamatwa na kupigwa: polisi hawaamini kwamba mtu wa namna yake anaweza kujua. Kisha yeye huonyesha kwamba kila jibu alilipata kwa jambo lililompata maishani. Wengi waliisifu filamu kwa bahati yake njema. Sisi tunaona ndani yake hoja ile ile tunayoitetea, kwamba hapana swali gumu kwa mtu ambaye jibu lake limepita mwilini mwake. Na tena hoja ya pili, chungu zaidi, kwamba jibu sahihi likitoka kinywani mwa mtu asiyetarajiwa huitwa wizi. Kasoro ya kisa hicho ni kwamba maswali yalimwangukia kijana kwa sadfa. Mtunga maswali mwenye akili asingengoja sadfa.

Angefanya nini? Hatutaki apunguze ugumu. Kuna mtindo wa siku hizi wa kuyafanya maswali ya Kiswahili kuwa rahisi ili kuwavutia vijana, na matokeo yake ni maswali yasiyomchemsha mtu chochote. Tunataka abadilishe namna ya ugumu, aurudie ule wa kitendawili. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, ndiye anayetajwa kuwa mbuni wa neno runinga, kutokana na rununu, yaani habari, na maninga, yaani macho. Ukimwuliza mshindani, “Ni nani aliyeliunda neno runinga?” umemwuliza habari isiyofika. Lakini ukimpa rununu na maninga pamoja na maana zake, kisha ukamwambia akitafute chombo kilichozaliwa na hayo mawili, umempa fumbo, na mtoto wa Hagadera na mtoto wa Kilimani watakuwa wamesimama mstari mmoja.

Na jibu likishatolewa, lielezwe. Katika vipindi vyetu kengele hulia, muulizaji husema “si sahihi”, na swali jingine huingia kabla mtazamaji hajajua kwa nini. Mtegaji wa kitendawili asingethubutu kufanya hivyo. Hata dakika moja ya kusema kwamba nirigi huenda ametoka kwa wafugaji wa kaskazini, na thumni imetoka katika mirathi, ingekuwa somo la lugha kubwa kuliko fedha yote iliyogawiwa usiku ule.

Tumejaribu wenyewe kutunga moja la namna hiyo, kwa ajili ya mtayarishaji yeyote atakayelitaka: Nina mlinzi wa mti; akisema nalala, akinyamaza naamka. Jibu limo humu humu katika makala. Asiyelipata na atoe mji.